Mika ya Sadiki

Baraka, alasiri

Alimasi mwanangu,

Salamu nimekupa asubuhi tulipokula viazi, na hali yangu umeiona kwa macho yako, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Wewe umekwenda kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana bibi akikushika mkono hauachii. Mama yako yuko uani anatwanga sombe ya safari kana kwamba huko Albertville hakuna majani ya muhogo. Mimi nimekaa kwenye meza yetu ya kazi, nimesogeza koleo na bisibisi pembeni, na nimechana ukurasa katika lile daftari lako la michoro ya redio. Utanisamehe ukurasa.

Mambo ya blanketi, ya kwinini, ya kutolala karibu na injini ya boti na ya kutomwazima mtu kitana, hayo mama yako ameyasema na atayasema tena kesho ufukweni mbele ya watu. Siyarudii. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya kile kipande chembamba kinachokaa kati ya transista na bamba lake la aluminiamu. Najua unacheka. Unasema mzee hana jambo lingine, mtoto anaondoka nyumbani na yeye bado yuko kwenye transista. Ni kweli sina jambo lingine. Ila jambo hili lina mkia mrefu, na mkia huo unafika mpaka mlangoni kwa Sadiki, rafiki yangu, ambaye keshokutwa anakupokea nyumbani kwake na kukupa kazi katika ateliye yake ya kutengeneza redio.

Wewe ulikulia kwenye redio za taa. Unaikumbuka ile yetu ya kwanza, sanduku la mbao lenye kitambaa mbele, iliyokaa pale ilipo sasa cherehani ya mama yako? Ulikuwa ukiiwasha unangoja. Taa zake zinakuwa nyekundu taratibu, na chumba kizima kinanuka vumbi lililopata moto. Asubuhi za mvua ulikuwa unaweka viganja vyako nyuma yake na kusema unaota moto na redio. Naipenda harufu ile mpaka leo. Niliijua tangu jeshini wakati wa vita, nilipobeba betri za simu ya upepo mgongoni mwaka mzima kabla mtu hajaniruhusu kushika bisibisi. Taa ya redio unaelewana nayo. Inataka joto, inaishi na joto, na ikifa unaiona imekuwa nyeusi.

Transista ilipofika niliidharau, nikubali tu. Kile kichuma kidogo chenye umbo la jicho, kimekazwa kwa skrubu mbili, hakiwaki, hakinuki, hakisemi kitu. Nikasema ni mchezo wa Wazungu. Kumbe ni kitu kigumu kuliko taa zote nilizowahi kushika. Mwili wake wa chuma wenyewe ni njia ya umeme, kwa hiyo haufai kugusa bamba, maana katika redio ya gari bamba limeungana na gari zima na ukiugusa tu umemaliza kazi. Lakini joto lake halina mahali pengine pa kutokea isipokuwa bamba lilelile. Tena ikipata joto inakunywa umeme zaidi, na ikinywa zaidi inapata joto zaidi, mpaka inajiua yenyewe ukiwa umekaa hapo unasikiliza muziki. Basi unatafuta kitu cha kuweka katikati, kitakachoukataa umeme na kuliruhusu joto lipite. Wewe unakijua. Umekichana kwa sindano mara nyingi kuliko ulivyochana nywele zako.

Nakuona bado pale barazani, siku ile ya kwanza nilipokupa kile kipande kikubwa cha mika, lile jiwe lenye majani yanayong'aa kama kioo. Ulikishika kama mtu aliyepewa kitabu. Nikakuambia uanzie pembeni, si katikati, uingize ncha ya sindano kidogo tu, uache tone la maji liingie na kufanya kazi, usilazimishe. Jani la kwanza likavunjika. La pili likavunjika. La tatu likatoka zima, jembamba kama karatasi ya barua za ndege, na wewe hukunionyesha mimi. Uliliweka kwenye jicho ukamtazama mama yako aliyekuwa anaanika samaki wadogo wa ndagala, ukapiga kelele, "Mama, uko rangi ya asali!" Naye akajibu bila kugeuka, "Na we uko rangi ya uvivu, kuya unisaidie." Nilicheka mpaka nikaacha kazi. Siku hizo ndizo ninazozitamani nikiona sanduku lako limesimama karibu na mlango.

Hukuniuliza kamwe kipande kile kilitoka wapi. Nilifurahi hukuniuliza. Leo nakuambia: alinipa Sadiki, siku aliyoondoka Baraka baada ya kufukuzwa kazi, na alifukuzwa kwa ajili yangu.

Sasa keti vizuri.

Sadiki unamkumbuka kwa ile kofia yake ya dereva na kwa honi zake tatu alipofika kona ya soko. Aliendesha kamioneti ya yule Mzungu mwenye mashamba ya pamba njia ya kwenda Fizi. Suruali yake ilikuwa na nyuzi za pamba siku zote, hata siku ya Idi. Mimi naye tulikuwa marafiki tangu hatujaoa. Alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mweupe, na alipenda redio kama watu wengine wanavyopenda pombe. Bwana wake alipoleta gari jipya kutoka Usumbura, lenye redio ndani yake, Sadiki alikuja mbio kunionyesha kabla hata hajapeleka barua posta. Kila alipopita sokoni akiwa peke yake alifungua milango miwili, akapandisha sauti, na bamama wa ndagala wakacheza na vikapu vyao. Kila mtu wa Baraka aliliona hilo. Likumbuke, maana ndilo lililommaliza.

Redio ile ilianza kuzimika ikipata joto. Bwana alitaka kuirudisha Usumbura. Sadiki akamwambia asisumbuke, kuna fundi hapahapa. Akaniletea redio imefungwa kwenye gunia, akaiweka juu ya meza hii, akaniambia, "Mi nilimuambia bwana, kule Baraka kuko muntu moja, mikono yake iko sawa ya daktari. Usinipatishe haya, ndugu yangu." Mimi nikamjibu, "Weye endesha gari, radio uniachie." Nilikuwa na maringo, Alimasi. Bado ninayo, lakini zamani yalikuwa hayana breki.

Nilipoifungua niliona ugonjwa haraka. Pembeni mwa tundu moja la skrubu katika bamba palibaki ncha ya chuma, ndogo kuliko kichwa cha sisimizi, na ile ncha ilitoboa kipande cha mika kilichokaa chini ya transista. Kiwandani walikaza bila kuangalia. Niliisaga ile ncha kwa tupa, kisha nikapitisha kidole, nikasema pamelainika. Sadiki akavuta pamba kwenye suruali yake akaipitisha juu ya tundu. Pamba ikakwama, ikaacha uzi. "Bado," akasema, na kweli palikuwa bado. Kidole changu kilidanganya na pamba yake ikasema kweli. Tangu siku hiyo sijawahi kufunga transista kabla ya kupitisha pamba, na wewe nilikufundisha hivyo, ila nilikuambia ni ujanja wangu. Haukuwa wangu. Ulikuwa wa Sadiki.

Mika mpya sikuwa nayo. Ningeweza kungoja boti ilete kutoka Usumbura, pamoja na yale mafuta mazito meupe ya kwenye tyubu. Ilikuwa juma moja tu la kungoja. Lakini bwana alikuwa na mgeni mkubwa anayekuja, na Sadiki alishamwahidi, na mimi nilishajisifu. Nikaanza kuhangaika na vitu vya nyumbani.

Nilikata kwanza kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Ukazuia umeme vizuri kabisa. Ukazuia na joto. Baada ya muda mfupi transista ilikuwa ya moto hata kidole hakikai, na bamba lake liko baridi kama sahani ya jana. Niliizima haraka. Nikachukua karatasi ya pakiti ya sigara, nikaichovya katika nta ya mshumaa. Hiyo ilipitisha joto vizuri kuliko mpira, kwa sababu ilikuwa nyembamba, na nikaanza kujipongeza. Jioni nta ikayeyuka na kutoka, na asubuhi, baada ya umande wa ziwa kuingia dirishani, sindano ya kipimo changu ikaanza kusogea kidogo. Umeme ulikuwa unavuja. Karatasi hunywa maji, mwanangu, hata kama wewe huyaoni. Usiwahi kuiamini karatasi katika mji ulio kando ya ziwa, na huko unakokwenda ni ziwa lilelile.

Mwishowe nikaikumbuka ile karabai yetu iliyovunjika. Kile kioo chake laini kilikuwa mika. Nikakata, nikachana majani, nikachagua moja lisilo na ufa wala doa, nikalitazama kwenye jua. Hapo nilifanya kazi safi, siwezi kujinyima sifa hiyo. Nilitengeneza hata vifuko vya skrubu kwa ganda la waya ili skrubu zenyewe zisipeleke umeme kwenye bamba. Nilikaza huku kidogo, kule kidogo, ili mika isipinde. Kilichobaki kilikuwa mafuta. Bila mafuta, kati ya chuma na mika na bamba panabaki hewa, na hewa ni blanketi. Nilijua hivyo. Na nilijua kwamba sina mafuta yale meupe.

Nikachukua mawese.

Usicheke, au cheka, ni haki yako. Sisi hapa tunatia mawese kila mahali. Tunapikia, tunapaka ngozi, tunalainisha bawaba za mlango na mnyororo wa baiskeli, tunampa mtoto mwenye kikohozi. Mkono wangu ulikwenda kwenye chupa kabla ya akili yangu. Mama yako alinikuta. "We Amisi, mafuta yangu ya sombe unapakaa mu radio? Tuone kama itaimba ao itaiva."

Iliimba. Niliisikiliza siku tatu, na haikuzimika hata mara moja. Sadiki aliirudisha garini, na bwana akaja mwenyewe sokoni akanipa mkono mbele ya watu. Mzungu, kunipa mkono, mbele ya bamama wote wa ndagala. Sadiki alisimama nyuma yake anacheka na meno yote. Nilitembea wiki mbili nikijiona mrefu.

Halafu ikaja siku ya mgeni, ambaye kumbe safari yake iliahirishwa. Bwana alimpakia mkubwa mmoja wa serikali wakapanda naye Fizi. Jua lilikuwa kali, gari limesimama saa nzima nje ya ofisi, na wakati wa kushuka bwana akafungua redio ili mgeni asikie. Ikalia kidogo, ikanguruma, ikatoa moshi. Mgeni alicheka. Mzungu yule angesamehe moshi, lakini hakusamehe kicheko.

Kesho yake aliniletea redio yeye mwenyewe. Sadiki alikuwa nje, amesimama karibu na gari, ameshika kofia yake. Nikaifungua mbele ya bwana nikiwa nimempa mgongo, kwa hiyo nilidhani ni mimi peke yangu niliyeona. Mawese yaliyeyuka kwa joto yakatiririka yote, yakaacha chini ya transista hewa tupu na utando mwekundu. Pale yalipotiririkia pameota kutu ya kijani. Na sisimizi walishaingia, mstari mzima, wamekufa wakiwa wamekauka juu ya mika yangu safi. Transista ilikuwa imekwisha.

Bwana akaniuliza, "Amisi, sema kweli. Ni Sadiki ameiharibisha na kupiga muziki kila siku mu jua, ao ni kazi yako?"

Nimeyarudia maneno niliyomjibu mara nyingi hata yamechakaa. Nilisema, "Bwana, transista haipendake joto."

Ni hayo tu. Sikumtaja Sadiki. Sikusema uongo, ukitafuta uongo katika maneno yale huupati, na mimi nimeutafuta sana ili nijue adhabu yangu inaanzia wapi. Bwana akageuka. Nilimsikia nje akipandisha sauti, na nikasikia Sadiki akisema, "Bwana, ni kweli nilipigaka muziki, lakini..." na hiyo lakini haikupata nafasi ya kumalizika. Mimi niliwapangusa sisimizi kwa kitambaa. Niliwapangusa vizuri, mmoja mmoja, na kile kitambaa nikakitia motoni.

Niliogopa nini? Nimejiuliza. Bwana asingenipiga. Nadhani niliogopa kuwa mfupi tena sokoni. Kwa ajili ya mkono mmoja niliopewa na Mzungu, nilimwacha ndugu yangu.

Nyumba ya Sadiki ilikuwa ya bwana, kwa hiyo alifukuzwa na nyumba pia. Amina mkewe alikuwa na mimba kubwa. Waliondoka kwa boti ya mizigo, juu ya magunia ya pamba, na mtoto wao alizaliwa huko katika chumba walichoazimwa na watu. Kabla ya kupanda boti, Sadiki alipita hapa. Nilimwona anakuja na kifurushi na nikafikiri amejua, amekuja kunipiga, na nilisimama tayari apige. Akaketi pale kwenye kigoda chako. "Amisi, mi sijue nilifanya nini," akasema. "Pengine nilipiga sana muziki. Nilikupatisha haya mbele ya bwana, unisamehe."

Yeye aliniomba mimi msamaha, Alimasi. Mimi nikamwambia, "Haina neno." Mungu wangu, nilimwambia haina neno!

Kisha akafungua kile kifurushi. Ilikuwa mika, kipande kikubwa kama tofali, chenye majani mengi kama kitabu kinene. Katika safari yake ya mwisho ya kupeleka mizigo bara, kule wanakochimba dhahabu, aliikuta imetupwa kando ya mashimo. "Ulisemaka unaitafuta," akasema. "Bale bachimbaji banaitupaka tu. Utafanya nayo kazi miaka mingi." Na kweli nimefanya nayo kazi mpaka leo. Kila redio ya gari tuliyoponya pamoja, wewe na mimi, imeponywa kwa mika ile. Shati ulilovaa leo kwenda kwa bibi yako limetoka humo. Na kila nilipochana jani nilimwona yeye kwenye kigoda kile, na ndiyo sababu siku nyingine nilikugombeza bila kosa na kukuambia uondoke mwangani.

Unashangaa mbona sikumwandikia. Nilianza barua nyingi. Kila moja ilifika mahali pa sisimizi ikasimama. Nilijifunza mambo ya kazi kutokana na siku ile, niliyajua upesi sana: kwamba mafuta ya chakula ni ya chakula, kwamba ni bora redio ikae kimya juma moja kuliko iimbe wiki mbili kisha ife, kwamba ukimaliza kazi uipashe moto, uiache ipoe, uifungue tena uangalie kabla ya kuitoa mkononi mwako. Haya nilikufundisha yote, na wewe unayafanya kuliko mimi. Lile lingine sikujifunza. Nilidhani likikaa muda mrefu litapoa lenyewe. Halikupoa hata kidogo.

Halafu mwezi uliopita ikaja barua yake. Uliisoma wewe mwenyewe kwa sauti hapa, kwa hiyo unaijua. Baada ya kufanya kazi miaka hii katika gereji za watu, amefungua ateliye yake, ana redio za magari zaidi ya mikono, na hana mtu anayejua kufunga transista. "Unitumie mutoto wako Alimasi. Kama amefundishwa na weye, mi sina wasiwasi." Ulirukaruka kwa furaha. Mimi nilitoka nje nikasema nakwenda kuangalia nyavu za jirani, na hukujiuliza tangu lini mimi naangalia nyavu.

Mama yako alijiuliza. Yeye aliwaona sisimizi siku ile, maana alikuwa kwenye mlango wa uani, na miaka yote hii hakusema neno. Usiku wa barua ile akasema mara moja tu: "Utamutuma mutoto kwa ile muntu, alale mu nyumba yake, akule chakula yake, na we hujasema?" Nilizima taa. Tangu hapo ananipakulia chakula na kuniwekea sahani chini badala ya kunipa mkononi.

Basi nikapanga. Sikiliza nilivyopanga, ujue baba yako alivyo mwerevu. Katika sanduku lako, chini ya mashati, nimeweka kopo la maziwa lililofungwa kwa waya. Ndani mna nusu ya mika ya Sadiki, nusu nzuri, na katikati ya majani yake mna ile transista iliyokufa, ambayo sikuitupa. Nilikusudia barua hii ikuambie umpe kopo lile kabla hujanawa mikono ya kula, umweleze yote, na kama akikufukuza urudi kwa boti inayofuata, meza yako ipo. Hivyo ndivyo nilivyokusudia nilipochana ukurasa wako mchana huu. Niliona ni ushujaa mkubwa.

Sasa nimeandika mpaka hapa, nimerudi kusoma, na naona aibu. Sadiki alibeba kosa langu mara moja. Leo nilitaka kumpa mwanangu naye alibebe, asimame mlangoni pa watu na sanduku lake, apoteze kazi yake ya kwanza kwa ajili ya mawese ya baba yake. Nimekaa hapa mezani nikitafuta tena kitu cha kuweka katikati, kati yangu na yule mtu, na kitu nilichokipata ni wewe.

Nimesimama, nimekwenda uani. Nimemwambia mama yako, "Uweke mukeka mbili ya safari, si moja." Hakuacha kutwanga. Akasema, "Nilishaka weka mbili." Baadaye kidogo akaleta chai, akanipa kikombe mkononi.

Barua hii nitaiweka ndani ya daftari lako, na utaikuta kesho ukitaka kuchora huko majini, kwa kuwa nakujua huwezi kukaa bure. Ukifika kwenye mstari huu usigeuke haraka. Mwanamume aliyekaa pembeni yako, anayejifanya anatazama milima ya Ubwari, ni mimi. Umedhani nimekusindikiza kwa sababu ya mapenzi, na ni kweli nakupenda kuliko ninavyojua kusema, lakini sikupanda boti kwa hilo peke yake. Sijui Sadiki atafanya nini. Anaweza kutufukuza sote wawili, na ikiwa hivyo utakuwa umepoteza nafasi yako kwa mkono wangu, na hiyo ndiyo hofu yangu tangu jana. Nisamehe mapema. Ikiwa atakukubali wewe na kunikataa mimi, wewe baki, fanya kazi, usinigeukie.

Usiniulize kitu mpaka tufike. Kopo nitalibeba mimi. Ila nakuomba jambo moja, wewe mwenye mikono mizuri kuliko yangu: tukifika mlangoni kwake, na ukaniona nimesimama, nimeanza kuzungumza habari za safari na hali ya ziwa, nisukume.

Baba yako,
Amisi